Jinsi ya Kuacha Kulala Mdomo Wazi: Mwongozo Kamili Kutoka Tabora

Ukiamka asubuhi ulimi umegandia kaakaa, midomo imepasuka, mto umelowa udenda na mwenzako anakutazama kwa jicho la mtu ambaye hakupata usingizi, ujue ulilala mdomo wazi. Huku Tabora malalamiko haya huzidi kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinapoanza mwezi wa kumi na moja. Hewa ni kavu, upepo wa kiangazi hauna huruma, na vumbi la Isevya, Ng'ambo na Kiloleni linaingia ndani hata dirisha likifungwa. Ila wapo wanaolala hivyo mwaka mzima, masika na kiangazi, na hao wana sababu nyingine ya kutafuta.

Wengi huanza na mdomo: wanatafuta kitambaa cha kufunga kidevu, au plasta kama walivyoona kwenye simu. Mimi nasema anza na pua. Mdomo ni mlango wa uani, watu hupitia huko mlango wa mbele ukiwa umezibwa. Ukiufunga kabla ya kuzibua wa mbele, umemfungia mtu ndani. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usirukie ya mwisho.

Kwa nini tuhangaike? Pua hupasha hewa joto, huilowesha na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Mdomo haufanyi kazi hiyo. Hewa inayopita mdomoni usiku kucha hukausha mate, na mate ndiyo yanayolinda meno yasitoboke na kinywa kisinuke. Zaidi ya hapo, taya likidondoka ulimi nao hurudi nyuma, njia ya hewa inabana, na kukoroma kunaanza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mdomo kweli

Kinywa kikavu asubuhi hakimaanishi moja kwa moja kwamba ulilala umeachama. Muulize unayelala naye. Kama unalala peke yako, weka simu kando ya kitanda irekodi sauti usiku mmoja au miwili. Ukisikia pumzi nzito za kukwaruza au kukoroma, una jibu lako.

Kuna mambo mawili ya kuondoa kwanza. Kama unaamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, una kiu isiyokatika na unapungua uzito bila sababu, kapime sukari kabla ya kulaumu pua. Na kama unatumia dawa za kila siku, muulize mfamasia kama mojawapo inakausha kinywa. Zipo nyingi. Hata Piriton, ambayo watu humeza ovyo wakisikia mafua, hukausha kinywa na kuleta usingizi mzito.

Hatua ya pili: pima pua yako

Vipimo hivi havina gharama.

Chukua funda la maji, lishike mdomoni bila kumeza, funga midomo, kaa umetulia dakika tatu ukipumua kwa pua. Ukimaliza bila kuhangaika, pua yako inaweza kazi, na tatizo lako huenda ni mkao wa kulala, taya au mazoea. Ukijikuta unatema maji kabla ya muda, pua imeziba, na hatua mbili zinazofuata ndizo zako.

Halafu ziba tundu moja kwa kidole, vuta hewa kwa lingine, kisha badilisha. Usishtuke upande mmoja ukiwa mzito. Pua hupokezana: tundu moja hupumzika kwa saa kadhaa na lingine kufanya kazi, kisha zinabadilishana zamu. Cha kuangalia ni upande uleule kuwa mzito asubuhi, mchana na usiku, siku nenda rudi. Huo unaweza kuwa ukuta wa kati wa pua uliopinda, pengine tangu ulipopigwa mpira usoni shuleni, au uvimbe mlaini unaoota ndani ya pua. Yote mawili yanahitaji daktari, chumvi peke yake haitoshi.

Cha mwisho, weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni. Hewa ikifunguka ghafla, basi sehemu nyembamba iko hapo mbele, na zile plasta za kubandika juu ya pua zinazouzwa kwenye maduka ya dawa zinaweza kukusaidia. Hizo hazina madhara ila kuwasha ngozi kwa baadhi ya watu.

Hatua ya tatu: safisha unapolala

Anza na chandarua. Watu hufua mashuka kila wiki na kusahau kwamba juu ya vichwa vyao kumening'inia kitambaa chenye matundu elfu, kinachonasa vumbi la mwaka mzima. Ukigeuka usiku unakikung'uta, na vumbi linashukia usoni. Jirani yangu, mama wa makamo, aliwahi kunizuia: "Mwanangu, neti ina dawa, hiyo haifuliwi." Nikamwomba tuifue pamoja. Maji ya beseni la kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi, ya pili yalikuwa hafifu kidogo tu. Alichosema baadaye kuhusu shemeji zake waliompa ushauri ule sikiandiki hapa.

Ukweli ni kwamba vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kustahimili angalau mifuo 20. Fua kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa maji ya baridi na sabuni ya kipande, bila jiki na bila kusugua kwenye jiwe. Anika kivulini, kwa sababu jua kali huua dawa. Maji machafu yamwage chooni au kwenye shimo, mbali na kisima na mto. Na chandarua kipya, kabla ya kukilalia, kitundike kivulini siku nzima kipigwe hewa. Dawa mpya huwasha pua na macho.

Mashuka na foronya fua kila wiki, kwa maji ya moto kama nguo inaruhusu. Godoro na mito, kinyume cha neti, vitoe juani na uvipige kwa fimbo, ila apige mtu mwingine asiye na aleji, au ufunge kitambaa puani. Ndani ya godoro wanaishi utitiri wadogo wasioonekana kwa macho, na vinyesi vyao ndivyo vinavyowaziba pua watu wengi. Wanapenda unyevu, kwa hiyo Tabora wanasumbua zaidi masika. Kama pua yako inaziba mwezi wa pili kuliko wa nane, washuku hao na ukungu wa ukutani kabla ya vumbi la barabarani.

Kiangazi piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kavu. Ufagio wa njiti unarusha vumbi hewani, nalo linakaa saa nzima likisubiri uingie kulala. Ukiona hewa ya chumbani kavu kupita kiasi, tundika taulo lililoloweshwa na kukamuliwa karibu na kitanda. Unyevu wake ni mdogo, ila kwa chumba kidogo unausikia.

Moshi uondoke kabisa chumbani. Sigara, udi, na ile dawa ya mbu ya kuchoma inayozunguka kama konokono vyote vinawasha pua. Ukiwa na neti nzima, ya kuchoma huihitaji. Jiko la mkaa lisilale ndani hata siku moja, na hapo siongelei pua, naongelea uhai.

Hatua ya nne: osha pua kwa maji ya chumvi

Ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Ni rahisi, haina kemikali, mjamzito anaiweza, na hufanya kazi kwa vumbi, aleji na mafua.

Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja au zaidi, kisha yaache yapoe yawe vuguvugu. Usiruke hapa. Maji ya bomba, hata haya ya Ziwa Victoria yaliyofika mjini kwetu, ni ya kunywa na kuoga. Tumbo linaweza kuvumilia vijidudu ambavyo pua haiwezi. Kuna amiba ambaye akiingia juu ya pua na maji yasiyochemshwa anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini anaua. Anayetawadha mara tano kwa siku amezoea kupandisha maji puani, naye aendelee kwa upole, maji yaishie mwanzoni mwa pua. Kuosha kwa undani kama hivi ndiko kunakotaka maji yaliyochemka.

Kwa nusu lita ya maji, yaani chupa moja ndogo ya dukani, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi, kilichosawazishwa, kisiwe cha mlima. Chumvi ya unga ni bora kwa kipimo. Kama una ya mawe, mathalani ya Uvinza, ambako maji ya chumvi yamekuwa yakichemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, itwange kwanza. Chumvi yenye madini joto inaweza kuwasha kidogo; haidhuru. Ukiongeza ncha ya kijiko ya baking soda mwasho unapungua. Maji matupu bila chumvi yatakuuma puani kuliko unavyofikiria, kwa hiyo usijaribu.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, lile la plastiki, bila sindano yenyewe. Nawa mikono. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande ili tundu moja liwe juu ya lingine, achama na upumue kwa mdomo. Weka ncha kwenye tundu la juu, sukuma taratibu. Maji yatapita nyuma na kutokea tundu la chini pamoja na kamasi, wakati mwingine na uzi mweusi wa vumbi ambao utakufanya umwite mtu aje kuona. Mengine yatashuka kooni, yateme. Geuza kichwa, rudia upande wa pili. Ukimaliza inama kidogo yamalizike, kisha penga tundu moja moja kwa upole. Kupenga kwa nguvu ukiwa umebana matundu yote mawili husukuma maji masikioni.

Fanya jioni, walau saa moja kabla ya kulala, la sivyo yaliyobaki yatakumwagikia kwenye mto wa kulalia. Osha bomba kwa maji yaliyochemshwa, liache likauke. Maji yaliyobaki yasivuke siku moja. Mtu mwenye maumivu ya sikio, au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, amuulize daktari kwanza.

Kama pua inakauka mpaka inatoka damu, jambo la kawaida hapa mwezi wa tisa, pakaa mafuta ya mgando kidogo sana mlangoni mwa pua, kwa ncha ya kidole. Usiyajaze ndani.

Hatua ya tano: dawa, kwa tahadhari

Matone au dawa za kupuliza zinazofungua pua papo hapo ni tamu mno, na ndipo mtego ulipo. Ukizitumia zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo, pua huanza kuziba yenyewe kila dawa inapoisha nguvu, na unajikuta mtumwa wa kichupa. Zitumie kwa mafua makali tu, kisha uache. Vidonge vya mafua vyenye dawa ya kufungua pua, mwenye presha asiviguse bila ushauri.

Kwa aleji ya muda mrefu kuna dawa za kupuliza zenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya pua. Hizi hazifanyi muujiza usiku wa kwanza. Zinataka kila siku, na wiki moja mpaka mbili ndipo uone mabadiliko. Watu wengi huziacha siku ya tatu wakisema ni feki. Kwa vidonge, setirizini huleta usingizi mdogo kuliko Piriton.

Mafuta yenye mentholi na kujifukiza majani ya mkaratusi hukupa hisia ya pua kufunguka. Kujifukiza kunalainisha kamasi kweli, lakini sufuria la maji ya moto chini ya blanketi na mtoto ni habari ya wodini. Mtu mzima afanye mwenyewe, mtoto aachwe.

Hatua ya sita: namna unavyolala

Ukilala chali, taya linavutwa chini na ulimi unaangukia nyuma. Lala ubavu. Kushoto au kulia haidhuru kwa pua, ingawa mwenye kiungulia hupata nafuu kwa kushoto na mjamzito hushauriwa kulala ubavu.

Kusema ni rahisi, usingizi hauna masikio. Shona mfuko mgongoni kwa fulana ya kulalia, tia mpira mdogo wa tenisi au soksi iliyokunjwa ikawa donge. Kila ukigeuka chali donge litakurudisha. Wengine hukumbatia mto mrefu mbele, na hiyo ni starehe zaidi.

Mto mmoja wa kimo cha bega lako unatosha, ili shingo inyooke. Kurundika mito mitatu hukunja shingo na kuachamisha mdomo, jambo ambalo yeyote aliyelala amekaa kwenye treni ya Kigoma anaweza kulithibitisha kwa kuwatazama wenzake alfajiri. Kama pua inaziba ukilala tu, inua mchago wote: weka vipande vya mbao au tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 10 hadi 15. Hakikisha kitanda hakitikisiki.

Pombe hulegeza misuli ya koo na taya, iwe bia au wanzuki. Anayekunywa amalize saa tatu au nne kabla ya kulala. Dawa za usingizi hufanya vilevile, nazo si za kununua dukani kwa kubahatisha.

Hatua ya saba: sasa njoo kwenye mdomo

Pua ikiwa wazi na bado unaachama, ni taya na ulimi. Mchana jizoeze hivi: midomo imegusana, meno hayajabanana, ulimi umelala juu ya kaakaa, ncha yake nyuma kidogo ya meno ya mbele. Kila ukikumbuka, rudisha ulimi mahali hapo. Kisha asubuhi na jioni fanya zoezi: bandika ulimi wote kwenye kaakaa, uvute nyuma taratibu, halafu ubandike na kuuachia kwa kishindo, ule mlio wa kumwita punda. Rudia mara ishirini hivi. Mwaka 2009 madaktari wa São Paulo, Brazil, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi ya ulimi na koo kwa miezi mitatu, na kukoroma kwao kulipungua. Miezi mitatu, usitegemee wiki.

Mkanda wa kidevu unaweza kumsaidia mtu ambaye pua yake imeshathibitika kuwa nzima. Wazee wasio na meno taya zao hudondoka zaidi. Hapo aonwe daktari wa meno.

Na plasta ya mdomoni? Siipendi. Ushahidi wa faida yake ni mdogo, na hatari yake iko wazi: pua ikiziba usiku au ukitapika, huna njia. Mwenye pua iliyoziba, mlevi, anayekoroma kwa kukatikakatika, na mtoto wa umri wowote, wasiguse. Selotepu ya ofisini asitumie mtu yeyote.

Watoto

Mtoto anayelala mdomo wazi wiki hadi wiki bila mafua mara nyingi ana vinyama vilivyokua nyuma ya pua, au mafindofindo makubwa. Dalili nyingine ni kukoroma, kulala kwa kuhangaika huku kichwa kakirudisha nyuma, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kusikia kwa shida, na kusinzia au kuwa mtundu kupita kiasi darasani. Akiachwa miaka, meno na taya vinaweza kukua vibaya. Hutibika, kwa dawa au kwa upasuaji wa hospitali.

Asipelekwe kukatwa kimeo. Najua bibi atashauri, na kwa nia njema. Kimeo hakizibi pua wala si chanzo cha mtoto kuachama, na kukatwa kwa wembe au waya mtaani kumewapa watoto damu isiyokatika, pepopunda na vifo. Bibi aambiwe kwa heshima, "Shikamoo bibi, tumeshapanga hospitali," na iishie hapo.

Kama ni tundu moja tu linatoa kamasi lenye harufu mbaya, mtoto amejichomeka kitu: harage, shanga, kipande cha sponji. Usichokonoe, peleka kituo cha afya.

Lini uende hospitali

Nenda bila kusubiri hatua zote kama mwenzako amekusikia ukikoroma, ukanyamaza kimya kana kwamba pumzi imekatika, kisha ukashtuka kwa mkoromo mkubwa. Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Huambatana na presha, kichwa kuuma asubuhi na kusinzia mchana. Walio kwenye hatari zaidi ni wanene, wenye shingo ya zaidi ya sentimita 40 na wenye presha tayari. Dereva wa bodaboda au wa basi la Mwanza mwenye dalili hizi aache kuendesha usiku mpaka atibiwe.

Nenda pia kama upande mmoja wa pua umeziba moja kwa moja, kama damu inatoka mara kwa mara, kama una maumivu ya uso na homa, au kama umeosha pua na kusafisha chumba kwa wiki nne bila nafuu.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya Hospitali ya Mkoa Kitete ili uonwe na daktari wa pua, koo na masikio. Kesi nyingine husogezwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwenye bima aulize kwanza utaratibu wa rufaa, maana ukijipeleka mwenyewe unaweza kulipia. Nenda na simu yenye ile rekodi ya usiku, orodha ya dawa zote unazotumia pamoja na matone ya pua, na kama inawezekana mtu unayelala naye chumba kimoja. Daktari atamuuliza yeye maswali mengi kuliko atakayokuuliza wewe.